Shauri Lililoahirishwa Hulipwa na Nani?



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuzungumza habari za miche, uanikaji, na maradhi ya mikarafuu. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuiache mikarafuu kidogo, tuzungumze juu ya maradhi ya watu na gharama zake. Sababu mnaijua. Rasimu ya Mfuko wetu wa Ugonjwa imeletwa mbele ya mkutano mkuu mara tatu, na mara tatu imeahirishwa. Mara ya kwanza mvua ilinyesha na akidi haikutimia. Mara ya pili tulibishana juu ya mchango mpaka adhana ya alasiri ikatutawanya. Mara ya tatu ilisemwa, "Tungoje mavuno kwanza." Mavuno yamekuja na yamekwisha, na rasimu ingali imelala sandukuni.

Wengi wetu hudhani kwamba shauri likiahirishwa hapana mtu aliyedhurika, maana hapana lililoamuliwa. Somo la leo litaonyesha kuwa sivyo. Tumechagua mfano wa nchi kubwa na tajiri, nayo ni Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, mambo ya Bunge la kule huandikwa wazi siku kwa siku, hata mtu aliye mbali aweza kuyafuata. Pili, katika jambo hili mkulima wa kule amefanana nasi kuliko tunavyofikiri.

1. MILANGO MITATU YA BIMA

Marekani haina sheria moja ya matibabu kwa watu wote. Kila kundi la watu lina mlango wake wa kuingilia.

Mlango wa kwanza ni wa kazini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia mishahara isipande ovyo. Wenye viwanda, kwa kuwa hawakuweza kuongeza mshahara, wakawavuta wafanyakazi kwa kuwalipia bima ya matibabu. Malipo hayo hayakutozwa kodi, na mwaka 1954 sheria ya kodi ikalithibitisha jambo hilo. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wengi hupata bima yao kwa mwajiri. Bima hiyo si rahisi. Mwaka 2025 bima ya familia moja kwa njia ya kazini iligharimu kiasi cha dola 26,993 kwa mwaka kwa wastani, mwajiri akilipa sehemu kubwa na mfanyakazi akilipa iliyobaki.

Mlango wa pili ni wa serikali. Wazee waliotimiza miaka 65 wana Medicare, na maskini wana Medicaid.

Mlango wa tatu ni wa wale wasio na mwajiri, ambao si wazee wala si maskini wa kuhesabiwa: fundi wa mkono wake, mwenye duka dogo, mvuvi, na mkulima mwenye shamba lake. Hawa hununua bima wenyewe. Hapa ndipo alipo mwenzetu wa kule. Kama sisi, hana tajiri wa kumlipia. Mwaka mmoja shamba huzaa na mwaka mwingine hukataa, na ugonjwa haumwulizi kama huu ni mwaka wa mavuno.

2. MIAKA ISHIRINI YA KUNGOJA

Tarehe 19 Novemba 1945 Rais Harry Truman alilipelekea Bunge waraka wa kutaka iwekwe bima ya matibabu kwa taifa zima, kila mtu achangie na kila mtu atibiwe. Alirudia tena baada ya kushinda uchaguzi wa 1948. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipinga kwa nguvu na kutumia fedha nyingi katika magazeti na mabango. Watu wakaambiwa kwamba hayo ni mambo ya kisoshalisti, na kwamba serikali itaingia baina ya mgonjwa na daktari wake. Bunge halikuipitisha sheria ile.

Ikapita miaka ishirini. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda mpaka mji wa Independence, katika jimbo la Missouri, alikokaa Truman baada ya kustaafu, akatia sahihi mbele yake sheria ya Medicare na Medicaid. Truman, ambaye sasa alikuwa na miaka 81, akapewa kadi ya kwanza ya Medicare. Ilikuwa siku ya furaha. Lakini na tuipige hesabu. Mzee aliyekuwa na miaka 65 siku Truman alipoleta shauri lake, siku sheria inatiwa sahihi alikuwa anakaribia 85, kama bado yuhai. Miaka hiyo yote alijitibu kwa mfuko wake, au kwa mfuko wa wanawe, au hakujitibu kabisa. Hapana kitabu cha Bunge kilichoandika gharama hiyo, kwa kuwa haikulipwa na Bunge.

Na sheria ya 1965 iliwatazama wazee na maskini tu. Watu wa mlango wa tatu waliendelea kungoja. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alileta mpango mkubwa wa kuwapa bima watu wote. Ulijadiliwa mwaka mzima, na mwaka 1994 ukafa bila ya kufikishwa kwenye kura ya mwisho. Ilikuwa mpaka tarehe 23 Machi 2010 ndipo Rais Barack Obama alipotia sahihi sheria iliyowafungulia watu hawa soko la bima, na ruzuku ya serikali ya kuwasaidia kulipa. Tangu 1945 hata 2010 ni miaka 65. Mtoto aliyezaliwa katika mwaka wa waraka wa Truman, alipofikiwa na sheria hii alikuwa tayari amezeeka kiasi cha kuingia Medicare.

3. WALIO WENGI WALIKUBALI, NA JAMBO LIKASHINDWA

Bunge la Marekani lina mabaraza mawili. La kwanza huitwa Baraza la Wawakilishi, jina kama la Baraza letu la hapa Zanzibar, nalo lina wajumbe 435. La pili ni Seneti, lenye wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo. Mswada ni lazima upite katika mabaraza yote mawili kwa maneno yale yale, kisha uende kwa Rais.

Katika Seneti iko kanuni ya zamani, isiyomo katika Katiba, kwamba wajumbe waweza kuendeleza mjadala bila ya mwisho ili kura isipigwe. Kuufunga mjadala huo kunahitaji kura 60. Kwa hiyo wajumbe 41 waweza kuwazuia 59. Iko njia ya kando kwa miswada fulani ya bajeti, ambayo hupita kwa wingi wa kawaida, na kwa njia hiyo yalipitishwa mambo mawili tutakayoyataja.

Sheria ya 2010 ilikuwa na ukingo mkali. Aliyezidi kipato fulani, hata kwa dola moja, hakupata ruzuku yoyote. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona, Bunge liliuondoa ukingo huo na kuongeza ruzuku, ili mtu asilipe zaidi ya asilimia 8.5 ya kipato chake kwa bima ya kiwango cha kati. Sheria hiyo ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka 2022 ikaongezewa muda mpaka mwisho wa 2025. Angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo: sheria iliandikwa pamoja na tarehe ya kufa kwake. Ili nyongeza hiyo iondoke haikuhitajiwa kura ya mtu yeyote. Ilitosha watu wakae kimya.

Tarehe ikakaribia. Watu wapatao milioni 22 walikuwa wakipokea ruzuku. Shirika la utafiti liitwalo KFF lilikadiria kwamba nyongeza ikikoma, mtu mmoja kwa wastani atapanda kutoka dola 888 kwa mwaka mpaka dola 1,904. Tarehe 1 Oktoba 2025 ugomvi juu ya jambo hili ulikuwa sababu kubwa ya kufungwa kwa shughuli nyingi za serikali kwa siku 43, muda mrefu kuliko wowote uliopata kutokea kabla yake. Serikali ikafunguliwa tarehe 12 Novemba, na ruzuku hazikuamuliwa.

Tarehe 11 Desemba 2025 Seneti ilipiga kura mbili. Mswada wa chama cha Democratic ulitaka nyongeza ile iendelee kwa miaka mitatu. Ukapata kura 51 za ndiyo na 48 za hapana. Mswada wa chama cha Republican ulitaka fedha zipelekwe katika akiba za matibabu za watu wenyewe. Nao ukapata kura 51 za ndiyo na 48 za hapana. Kila mmoja ulikubaliwa na walio wengi, na kila mmoja ukashindwa, kwa kuwa haukufika 60. Tarehe 31 Desemba nyongeza ikakoma. Mkulima wa mlango wa tatu alipoamka tarehe 1 Januari 2026, hapana sheria mpya iliyopitishwa dhidi yake; alikuta bei mpya tu.

4. NENO MOJA LILILOWASAHAU WATOTO

Sasa turudi nyuma kidogo, tutazame kosa la namna nyingine. Sheria ya 2010 ilisema kwamba mtu aliyepewa bima ya bei nafuu na mwajiri wake hapati ruzuku ya sokoni. Ni haki. Na bei nafuu ni nini? Ilipimwa kwa kipato: mfanyakazi asitakiwe kulipa zaidi ya kiasi cha asilimia 9.5 ya kipato cha nyumba yake.

Lakini ni bima ya nani inayopimwa: ya mfanyakazi peke yake, au ya mfanyakazi na mkewe na watoto? Watu wa kodi waliisoma sheria, na mwaka 2013 wakaamua kuwa ni ya mfanyakazi peke yake.

Tuseme baba ana kipato cha dola 40,000 kwa mwaka. Kazini anaambiwa: bima yako wewe ni dola 2,000, ukitaka na familia yako, dola 9,000. Dola 2,000 katika 40,000 ni asilimia 5. Kwa hiyo husemwa, "Bima yako ni nafuu," na nyumba nzima hunyimwa ruzuku. Lakini dola 9,000 ni asilimia 22 na nusu ya kipato chake. Baba amefunikwa, na mke na watoto wako nje mvuani.

KFF lilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 5 waliangukia katika shimo hili, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Hapana aliyesimama Bungeni akasema, "Mimi nataka watoto wasipate bima." Kosa lilijulikana na watu wa pande zote, na miaka ikapita bila ya Bunge kuirekebisha sheria. Mwishowe, Oktoba 2022, Wizara ya Fedha ilibadili kanuni, na tangu 2023 bei ya familia ikapimwa peke yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka kanuni ya kwanza ilipoandikwa, kanuni ya pili ilipoanza kazi alikuwa na miaka kumi.

5. TUSEMAPO TUSEME HAKI

Isidhaniwe kwamba waliokataa hawakuwa na hoja. Walisema nyongeza ile ililetwa kwa ajili ya korona, na korona imepita. Walisema gharama zake ni kubwa, na kweli ofisi ya Bunge ya hesabu ilikadiria kuwa kuifanya ya kudumu kungegharimu kiasi cha dola bilioni 350 kwa miaka kumi. Walisema pia kwamba ruzuku huenda kwa makampuni ya bima, wala haishushi bei yenyewe ya hospitali na dawa. Hoja hii ya mwisho ni nzito. Ruzuku humbadilisha mlipaji, haiipunguzi bei. Na nchi ambayo bei ya matibabu hupanda kila mwaka haitaponywa na ruzuku peke yake.

Lakini hoja nzuri za kukataa kitu kimoja hazigeuki kuwa kitu cha pili. Mgonjwa hatibiwi kwa hoja. Ikiwa mpango huu haufai, huletwa ulio bora, ukapigiwa kura, ukapita. Kubaki bila ya mpango wowote nako ni mpango, na mlipaji wake anajulikana: ni mwenye mgonjwa.

6. TURUDI NYUMBANI

Ni kweli kwamba historia yetu si yao. Hapa Zanzibar matibabu ya bure yalitangazwa katika miaka ya 1960. Lakini kila aliyewahi kuuguza anajua kuwa gharama ya ugonjwa si daktari tu. Kuna gari ya usiku kutoka shamba, kuna dawa ambayo siku hiyo haiko na hununuliwa dukani, kuna nauli ya kuvuka kwenda Unguja, kuna chakula cha anayeuguza, na kuna siku za kazi zilizopotea. Kwa ajili ya hayo ndiyo tukaandika rasimu ya Mfuko.

Baada ya rasimu kuahirishwa mara ya pili, kijana wa mwenzetu mmoja aliteleza juu ya mkarafuu akaanguka na kuvunjika paja. Jina la mwenzetu hatulitaji, ila wengi mlikwenda kumpa pole. Alilazwa, akavushwa, akakaa Unguja wiki saba, na mama yake pamoja naye. Baba hakuwa na akiba. Akauza karafuu zake zingali mtini, kwa bei aliyopewa na mnunuzi, si kwa bei aliyoitaka yeye. Wakati wa kuchuma alipita akiona watu wengine wakianika katika majamvi mavuno yaliyokuwa yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini safari ile matumbo yaliyoumia hayakuwa ya sisi tuliongoja.

Wengine watasema: kama rasimu ingalipita siku ile ya kwanza, yasingalimpata. Na sisi tulikuwa tukisema hivyo, mpaka tulipokuwa tukitayarisha somo hili. Tulipofika katika habari ya neno lile moja la Marekani, tulikwenda sandukuni tukaitoa rasimu yetu tukaisoma upya. Kifungu cha nne kinasema: "Mwanachama akiugua atasaidiwa kutoka katika Mfuko." Mwanachama. Kijana yule si mwanachama. Mwanachama ni baba yake. Hata kama sote tungaliinua mikono siku ile ya mvua, mwenzetu asingalipata hata senti moja. Kosa hili ni letu sisi tulioandika rasimu, si la mkutano, na tunaomba radhi.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao Kamati italeta kifungu cha nne kikisema hivi: "Mwanachama, au mtu yeyote wa nyumba yake anayemlea, akiugua, atasaidiwa." Hatuwafichi gharama yake. Mchango uliotajwa mwanzo ulikuwa thamani ya kilo moja ya karafuu kavu kwa kila mwanachama katika kila mavuno. Kwa watu wa nyumbani pia, tumepiga hesabu na kuona kwamba hautatosha. Itatakiwa thamani ya kilo mbili. Na lile swali lililotutawanya, kwamba mwenye mikarafuu kumi atoe sawa na mwenye mia, litapigiwa kura yake peke yake, ili ubishi juu ya mchango usiuue Mfuko wote.

Tumejifunza na mambo mengine mawili. La kwanza, Mfuko usiandikiwe tarehe ya kufa. Hesabu zake zikaguliwe kila mwaka, na anayetaka uvunjwe alete hoja na kura ipigwe. Usife kwa kunyamaza. La pili, neno "iahirishwe" nalo tulipigie kura, majina yaandikwe, na itajwe siku ambayo shauri litarudi. Anayetaka kungoja ana haki ya kungoja, lakini ajulikane kuwa naye ameamua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MATAWINI

Tunawaomba viongozi wa matawi wayasome maswali haya kabla ya mkutano mkuu:

1. Ni nani katika nyumba yako aliyeugua mara ya mwisho? Je, angesaidiwa kwa kifungu cha nne cha zamani? Na kwa kipya?

2. Kwa nini miswada miwili ya tarehe 11 Desemba 2025 ilishindwa ingawa kila mmoja ulipata kura nyingi? Katika katiba ya chama chetu, ni kura ngapi zinazotosha kupitisha jambo, na akidi ni watu wangapi?

3. Mwenye mikarafuu kumi na mwenye mia watoe sawa, au kila mtu kwa kadiri ya shamba lake? Toeni sababu.

4. Kama tawi lenu linaona Mfuko haufai, ni mpango gani mwingine mnaoleta badala yake?

Mkutano utakuwa baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, na mvua ikinyesha tutakutana chini ya paa la ghala. Tafadhali njooni, na asiyeweza kuja amwambie jirani yake kwa nini. Kura ya hapana tutaipokea kwa heshima kama tutakavyoipokea ya ndiyo. Tusichokitaka ni kurudi tena na rasimu sandukuni, kisha tukaonane nyumbani kwa mgonjwa mwingine.

Wabillahi tawfiq.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati